Filimbi ya Pili

Jumatatu, 4 Novemba

Maji ya mafuriko yameshuka, kazi imeanza. Nimejiunga na kikundi cha kujitolea pale shule ya msingi, maana mtaa mzima wa bondeni umehamia madarasani na magodoro yao. Umeme umekatika, kinyozi kama mimi hana kazi, lakini mtu wa maana hakosi la kufanya! Nilitegemea uongozi. Nimepewa gunia.

Kiongozi ni fundi cherehani mwenye kibanda jirani na changu. Tunamwita Sindano. Mwanamke mwembamba, maneno machache, yote yanachoma. Ana filimbi shingoni. Utaratibu wake ndio huu: tunapanga mstari kutoka lori hadi stoo, magunia yanapita mkono kwa mkono. Akipuliza mara moja, pokea upitishe. Mara mbili, simama ulivyo. Watu wazima na akili zao, mwalimu mkuu akiwemo, wanatii kipande cha plastiki! Nikaelewa papo hapo kinachonikosesha cheo. Sina filimbi.

Mama mkwe yuko darasa la tatu. Nyumba yake ya kando ya mto imejaa tope. Nilimkaribisha kwetu, akajibu kwamba darasani kuna utulivu. Tangu nimwoe binti yake hajaniita mwanangu hata siku moja. Leo alimuuliza mke wangu, nami nimesimama hapo hapo, kama huyo bwana ameshakula. Huyo bwana! Ataniita mwanangu, nimeapa.

Jumanne, 5 Novemba

Filimbi nimepata! Ya chuma, ya refa mmoja ambaye ni mteja wangu. Inalia mpaka meno yanasisimka. Nikaivaa ndani ya shati, nikasubiri wakati wangu.

Lori la unga likafika. Sindano alisimama penye lori, mimi karibu na stoo. Nikaona mstari unazubaa. Nikapuliza mara moja, kuwatia moyo tu. Na yeye akapuliza sekunde ile ile. Zikawa mbili! Nusu ya mstari wakaganda, nusu wakaendelea kurusha. Mwalimu mkuu alipokea gunia kwa kifua, akaketi nalo dimbwini. Magunia mengine yakamfuata. Unga ukawa uji bila moto.

Jioni chakula hakikutosha. Mama mkwe alikula nusu sahani, nusu akampa mama mjamzito wa darasani kwake. Kisha akaniangalia mimi. Roho iliniuma sana. Lakini tuseme ukweli, Sindano angechelewa kidogo kupuliza, yote haya yasingetokea.

Nimehamishiwa jikoni. Kuosha vyombo. Mimi!

Alhamisi, 7 Novemba

Mpishi mkuu ni mama mkwe. Hakuna aliyemchagua, na hakuna anayethubutu kumpinga. Shida ni sufuria, zote ndogo. Watu wanakula kwa zamu, na zamu ya mwisho wanaambulia chakula jua likizama. Watoto wao wanalia mchana kutwa. Leo mama mkwe alihema akasema, laiti angekuwa na sufuria yake kubwa, ile aliyopikia harusi yetu. Imebaki kwake, kwenye tope.

Sindano amekataza mtu kukanyaga kando ya mto. Amesema maji hayana mwenyewe, yanaweza kurudi. Sufuria itafuatwa Jumamosi, kwa kamba, tukiwa kundi. Kundi! Tukienda kundi, nani atajua kuwa shujaa ni mimi? Naenda kesho peke yangu.

Ijumaa, 8 Novemba

Nimeipata! Ilikuwa nyuma ya jiko, imezama kwenye tope, nzima kabisa. Nikaikokota hadi mlangoni. Mlangoni nikakuta maji. Yametoka wapi? Huku hakujanyesha hata tone! Nikakimbilia bafu la nje, nikapanda juu ya bati. Sufuria nikaivaa kichwani, maana mikono yote miwili ilikuwa imeshika paa. Filimbi mdomoni. Nikapuliza mpaka nikaona nyota.

Wakaja. Ule ule mstari wa magunia! Walishikana mikono kutoka barabarani hadi kwangu, maji kiunoni. Sindano mbele na kamba yake. Nyuma yake mwalimu mkuu, kifua kimefungwa bendeji. Kisha muuza mkaa, kisha mke wangu, analia huku ananitukana. Sindano akapuliza mara moja, wakanipitisha. Mkono kwa mkono, mimi na sufuria yangu. Yale maji yalivuta, jamani, yalivuta! Hakuna aliyeachia. Nimeishi mtaa huu maisha yangu yote na sijawahi kujivunia watu wake kama leo.

Mwisho wa mstari alikuwa mama mkwe. Hajui kuogelea, na maji yalimfika magotini. Akanikamata shati kwa mikono miwili, akanitikisa.

“Mjinga wewe! Ungekufa, mwanangu.”

Mwanangu! Machozi yakanitoka. Niliwaambia watu ni maji ya mto.

Jumapili, 10 Novemba

Leo hakuna zamu. Sufuria imepikiwa mara moja, wote wamekula pamoja, na hakuna mtoto aliyelia. Kila aliyepita na sahani nilimwonyesha sufuria ni ipi na imeletwa na nani.

Nimeandikishwa kuwa mwathirika, nikapewa blanketi na ndoo. Blanketi nimelitupia begani, linanikaa vizuri sana, kama joho. Kikundi kizima hakina mwingine aliyeokoa na kuokolewa. Nikamweleza Sindano kwamba hiyo ndiyo sifa ya kiongozi. Akanyoosha mkono mbele ya kadamnasi, akadai filimbi. Nikampa bila ubishi. Alishangaa! Mama mkwe akawaambia wenzake jikoni, “Mwanangu sasa ameanza kupata akili.”

Nimepata kweli. Filimbi ni kitu kidogo mno kwa mtu wa hadhi yangu. Muuza dawa ya panya wa sokoni ana kipaza sauti, kile cha kushika mkononi, na amekubali kuniazima. Kiko hapa chini ya blanketi, kina betri mpya.

Lori la maharage linaingia kesho asubuhi.