Ndizi Chini ya Meza ya Okidi

Jumamosi, tarehe 4 Machi

Jambo hili sijapata kumwambia mtu. Si mama, si rafiki, si hata mkutubi wa shule, ambaye anajua siri zangu nyingi kwa kutazama tu vitabu ninavyoazima. Nataka kuwa mwongozaji wa wageni kwenye maonyesho ya okidi. Mimi! Mimi ambaye nikiitwa darasani kusoma aya moja, mwalimu huja kunitegea sikio mdomoni kama daktari. Lakini bafuni, mlango ukiwa umefungwa, huwa nahutubia ndoo. Ndoo ni sikivu sana.

Sasa habari yenyewe. Bustani ya mimea ina maonyesho yake kila msimu, na msimu huu ni zamu ya okidi. Ukumbi mzima wa vioo! Ufunguzi ni Jumamosi ijayo. Wanafunzi tumeruhusiwa kusaidia kufagia, kupanga vyungu na kupangusa majani. Na mmoja wetu, mmoja tu, atavaa kofia ya kijani na kuwaongoza wageni siku ya ufunguzi. Niliposikia hivyo masikio yaliniwaka moto.

Mwenye ukumbi ni mama mmoja mfupi, mkasi kiunoni, ambaye wafanyakazi wote wanamwita Bi Okidi. Husema na maua yake kwa upole zaidi kuliko anavyosema na watu. Kila msaidizi amepewa mmea mmoja wa kuutunza. Alhamisi kila mtu atasimama kando ya mmea wake aueleze, naye ndipo atachagua.

Tatizo: binamu yangu naye amejiandikisha. Mtoto wa shangazi. Nyumbani tunamwita Redio kwa sababu hazimiki. Juzi alikuwa akidhani okidi ni dawa ya minyoo! Leo amesimama katikati ya ukumbi akawavunja mbavu wafagiaji wote, na Bi Okidi akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Redio amepewa okidi kubwa ya zambarau, maua yamejipanga kama wanakwaya. Mimi nimepewa kijimmea nyuma ya nguzo. Kina tumba moja tu, limefumba kama ngumi.

Bi Okidi aliniuliza kama nakijua kijimmea hicho. Nikamtajia jina lake la kisayansi, ukoo wake, na jinsi mizizi yake inavyofyonza unyevu wa hewani. Aliposubiri vya kutosha akaniuliza kama nimesema kitu.

Redio akanipiga bega. "Usijali, Profesa. Nikisikia joto nitakupa kofia yangu unishikie."

Tutaona. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Jumatatu, tarehe 6 Machi

Nimepata! Nimepata! Maktaba ya shule, rafu ya chini kabisa, kitabu cha kilimo cha matunda. Nanasi likigoma kutoa ua, mkulima huliwekea tunda bivu karibu. Tunda bivu hutoa gesi iitwayo ethilini, na nanasi likiivuta tu, ua hilo! Nilipiga kelele. Yaani nilinong'ona kwa nguvu. Kwangu ni yale yale.

Nikafikiri kisayansi. Nanasi ni mmea. Okidi ni mmea. Basi.

Mbele kulikuwa na sura inayohusu maua, lakini ilianza na kichwa cha kuchosha kuhusu hasara za wauza maua. Mimi si muuza maua. Nikairuka.

Kikwazo kimoja: mlangoni mwa ukumbi wa okidi kuna kibao kisemacho MATUNDA HAYARUHUSIWI NDANI. Nimelitafakari jambo hili kwa uadilifu. Mtu aliyesoma hatazami maneno ya sheria tu, hutazama na kusudi lake. Kusudi ni nini? Sisimizi, bila shaka. Kwa hiyo sisimizi wasipozifikia ndizi, sheria haijavunjwa.

Nikapita gengeni. Nilimwomba muuzaji anipe ndizi zilizoiva kupita zote. Akanionyesha nzuri. Nikasema hapana, zile zenye madoa. Akanitazama kwa huruma, akanifungia, akaniongezea moja ya bure na kuniambia nisalimie nyumbani.

Mama aliuliza mkoba wangu unanuka nini. Nikamwambia ni masomo. Si uongo.

Jumanne, tarehe 7 Machi

Zimo! Ndizi zimo kwenye mfuko wa karatasi wenye matundu. Mfuko unaning'inia kwa uzi chini ya meza ya kijimmea changu, nyuma ya kitambaa. Uzi nimeupaka mafuta ya kujipaka ili sisimizi wateleze. Nadhani hakuna mtu aliyewahi kuiheshimu sheria kiasi hiki wakati wa kuikwepa.

Kisha gesi isije ikatoroka! Nikajikaza, nikamwendea Bi Okidi, nikamwomba tufunge madirisha ya juu kwa sababu ya upepo. Alishtuka. Ilikuwa sentensi yangu ya kwanza kumfikia ikiwa nzima. Akafurahi hata hakuuliza ni upepo gani. Akafunga yote.

Redio akaja akinusanusa kama paka jikoni. Akasema anasikia harufu ya ndizi. Jasho lilinitoka mpaka kwenye viwiko. Nikamweleza kwa utulivu kwamba okidi zina harufu nyingi: ziko zinazonukia kama asali, ziko zinazonukia kama chokoleti, na hiyo yake ya zambarau inasifika kwa harufu ya ndizi mbivu. Akaamini papo hapo! Akaandika kiganjani kwa kalamu. Ataisema Alhamisi mbele ya watu wote, aumbuke.

Raha juu ya raha. Nimekula chakula cha jioni huku nikicheka peke yangu. Mama akanigusa paji la uso kuona kama nina homa.

Jumatano, tarehe 8 Machi

LINAGEUKA RANGI! Tumba langu! Lilikuwa kijani, leo ni manjano. Ina maana limejiandaa kufunguka. Nilitaka kurukaruka lakini kulikuwa na watu, nikarukaruka moyoni.

Na kuna ziada: ua moja la Redio limedondoka. Nililihurumia kidogo. Yeye akaliokota, akalichomeka nyuma ya sikio, akaenda kuwachezea wafagiaji kama bibi harusi.

Bi Okidi hakucheka. Alikuwa kwenye kona, ameshika chungu chenye okidi nyeupe. Ua moja, jeupe pee. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba aliipanda mwenyewe kutoka mbegu ndogo kama vumbi, ndani ya chupa, akaingoja miaka, na hili ndilo ua lake la kwanza. Kingo zake zilionekana kama zimechoka. Akaniuliza kama nimeimwagia maji mengi. Nikasema sijaigusa, na kweli sijaigusa. Akasema ananiamini, maana kati ya wasaidizi wote ni mimi pekee mwenye mkono mwepesi.

Mkono mwepesi! Nimetembea hadi nyumbani bila kuiona barabara.

Kabla ya kutoka niliongeza ndizi nyingine. Dawa ikianza kufanya kazi, mgonjwa huongezewa.

Alhamisi, tarehe 9 Machi

Laiti ardhi ingepasuka nikaingia.

Nilifika nikakuta ukumbi umejikunyata. Maua yamefumba, mengine yamesinyaa kama karatasi iliyoloa. Tumba langu la manjano nililigusa tu, likaanguka. Halikuwa likifunguka. Lilikuwa likifa.

Bi Okidi alikuwa ameamka na macho mekundu, lakini akasema majaribio yaendelee. Redio akatangulia. Akasema okidi yake ni malkia wa ukumbi, ua moja likaanguka. Akasema ni imara kuliko zote, yakaanguka mawili. Watu wakaanza kucheka. Redio akatazama kiganja chake, akasema kwamba zaidi ya yote inasifika kwa harufu yake ya ndizi mbivu.

Bi Okidi akainua mkono. "Harufu ya nini?"

"Ndizi mbivu, mama. Hata Profesa anajua."

Hakunitazama. Alianza kunusa. Akanusa hadi kwenye nguzo, akainama, akavuta kitambaa. Mfuko ukabembea mbele ya watu. Hakukuwa na sisimizi hata mmoja, hilo nililiona.

Akaushika mfuko kama anayeshika panya aliyekufa. Akatueleza taratibu. Gesi ya tunda bivu huliambia nanasi litoe ua, lakini huliambia ua la okidi kwamba msimu wake umekwisha. Ua likisadiki, hufumba na kufa. Ndiyo maana ya kile kibao. Kisha akauliza ni za nani.

Watu wote wakamgeukia Redio, kwa kuwa yeye ndiye aliyetaja ndizi. Na Redio, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, aliishiwa maneno. Nami nikaelewa: nikikaa kimya, jambo ninaloliweza kuliko binadamu yeyote, kofia ya kijani ni yangu.

Halafu nikaiona ile nyeupe. Ilikuwa imekunjamana kama leso iliyoliliwa.

"ZANGU!"

Ilitoka kubwa mpaka mlinzi wa getini akaja mbio. Na ikishatoka haikurudi ndani. Nikaeleza nanasi, nikaeleza gesi, uzi, mafuta ya kujipaka, kusudi la sheria, na kwamba Redio hana kosa isipokuwa kuniamini. Mstari wote wa nyuma ulinisikia. Nadhani hata watu wa kituo cha basi.

Nilipomaliza, Bi Okidi akasema, "Kumbe sauti unayo."

Kisha akaniambia nitoke nje ya ukumbi.

Nililia nyuma ya rundo la mboji. Redio akanifuata, akakaa kando yangu bila kusema chochote. Kwa muda mrefu! Muda mrefu kwake. Kisha akauliza kama ile ya chokoleti nayo ilikuwa uongo. Nikamwambia hiyo ni kweli. Akasema afadhali.

Jumamosi, tarehe 11 Machi

Sijui nianzie wapi!

Ufunguzi umefanyika. Jana Bi Okidi na wafanyakazi walihamisha okidi zilizokuwa nyumba ya nyuma, wakajaza mapengo. Kofia akapewa Redio. Ilimkaa vizuri, sitaki kusema uongo.

Mimi niliitwa asubuhi. Nilijua nafukuzwa. Badala yake nikakuta meza nje ya mlango. Juu yake yamepangwa maua yaliyokufa, tumba langu limelala kwenye sahani, na ndizi zangu, sasa nyeusi, ndani ya mtungi wa kioo uliofungwa barabara. Bi Okidi akanipa adhabu: nisimame hapo kutwa, nimweleze kila mgeni kilichotokea na nani alikifanya, kisha nimnyang'anye tunda lolote alilobeba kabla hajaingia.

Kwa mgeni wa kwanza nilitoa sauti ya mbu. Alikuwa bibi mmoja mwenye mwavuli. Akasema, "Paza, mjukuu wangu, masikio yangu nayo yamestaafu." Nikapaza. Akacheka hadi akakaa chini. Kisha akawaita wenzake.

Kufikia adhuhuri palikuwa na msongamano! Watoto walitaka nirudie pale mfuko ulipobembea. Baba mmoja mwenye tai akatoa chungwa mfukoni akanikabidhi kwa aibu, kama anayesalimisha silaha. Redio akaleta kundi lake zima, akawaambia huyu ni binamu yangu, damu moja, msikilizeni. Akavua kofia, akasikiliza naye, akacheka mahali ambapo aliumbuka yeye.

Jioni Bi Okidi akaja kukunja meza. Akaniambia ile nyeupe imepoteza ua tu, mmea wenyewe uko hai, na ukipenda utachanua tena mwakani. Akanipa kitambaa, sijui cha kufutia meza au macho. Nikafuta vyote.

Kisha akatuita wasaidizi wote. Maonyesho ya msimu ujao ni ya mayungiyungi. Kila mmoja akapewa tunguu moja, mfano wa kitunguu, la kwenda kuotesha nyumbani, na ambaye yungiyungi lake litachanua la kwanza ndiye atakayeongoza wageni. Maagizo ni mafupi: chungu, udongo, maji kidogo, subira. Neno subira alilirudia, akinitazama mimi peke yangu.

Jumapili, tarehe 12 Machi

Nimejifunza somo kubwa la maisha: ndizi hazifai kwa okidi. Kuanzia leo nafuata maagizo.

Mchana nilienda maktaba ya mtaa, kusoma juu ya subira tu. Nikakutana na kitabu cha maua ya nchi za baridi. Moyo ukaanza kunidunda! Kumbe matunguu ya yungiyungi hulala kipindi chote cha baridi, na ni baridi hiyo inayoyaamsha. Wakulima wenye akili hawangoji majira. Huyaweka mahali penye baridi ya wastani kwa wiki kadhaa, tunguu likasadiki kwamba limepitisha majira yote, likitolewa linachipua kwa kasi.

Baridi ya wastani, wiki kadhaa. Hesabu ni rahisi. Baridi kali, usiku mmoja.

Redio aliniachia na tunguu lake nimtunzie, kwa kuwa kwao kuna mbuzi. Sitaki tena kumshinda kwa hila. Tutashinda pamoja.

Mama alipotoka kwenda kwa jirani nilifungua friza. Nilitoa nyama ya wiki nzima, nikaipanga kwenye sufuria juu ya meza ambapo ataiona. Nikayalaza matunguu yote mawili katikati ya barafu. Nikageuza swichi hadi namba ya mwisho, nikafunga mlango, nikapangusa maji sakafuni. Sasa naenda kulala.