Kitambulisho cha Tulia

Jumapili asubuhi ulimwengu ulipata habari njema. Ofisi ya Uratibu wa Mwenendo wa Wanaoongozana, katika chuo kimoja pale Doha, ilitangaza kwamba kuanzia siku hiyo wanyama wote wanaowasaidia wanafunzi wenye ulemavu wamekaribishwa chuoni kwa mikono miwili. Tangazo lilibandikwa langoni, lugha mbili, mihuri mitatu. Wanyama wote hao walikuwa mmoja.

Alikuwa mbwa wa rangi ya mchanga, jina lake Tulia, na kazi yake ilikuwa kumwongoza Shamira, msichana wa Tanga asiyeona. Shamira alikuwa na mtihani wa mwisho Jumanne. Akiukosa, ufadhili unakatika na anarudishwa kwao.

Jebet, mlinzi wa lango, alilisoma tangazo polepole, kidole chini ya kila mstari. Shule aliiachia darasa la nane, na tangu hapo hakuona sababu ya kusoma mbio.

"Dada Shamira, mmekaribishwa," akasema. "Lakini hamwezi kuingia."

"Sasa tumekaribishwa wapi?"

"Hapo hapo mliposimama."

Tulia alihitaji kitambulisho. Kitambulisho kilihitaji picha: mdomo umefungwa, masikio yote mawili yaonekane, mandhari nyeupe nyuma. Alipigwa picha mara kumi na moja kwa sababu ya ulimi. Kisha fomu ikauliza kiwango cha elimu.

"Alisomea kazi yake miaka miwili, akafaulu," alisema Shamira.

Jebet akajaza: Mhitimu. Mbwa alikuwa amempita kwa vyeti, lakini hakumwonea kijicho. Kila mtu na riziki yake.

Ukabaki mtihani wa mwenendo salama, kwa vitendo, na huo ulisimamiwa na Mratibu mwenyewe, Bwana Nahashon. Miaka mitatu nyuma Nahashon alisimama kwenye lango lilelile na filimbi shingoni. Siku hizi alivaa tai, akapenda kuitwa mudiri, yaani mkurugenzi, na mtu akimtajia filimbi aligeuka kiziwi.

Njia ya mtihani ilianzia langoni hadi maktaba, juu ya zulia jekundu jipya. Jumamosi idara ya maji ilikuwa imefungua shimo la bomba hapo katikati, ikaenda kutafuta mfuniko. Baadaye idara ya mapambo ikaja kutandika zulia. Hakuna aliyekosea. Kila idara ilikuwa na fomu yake.

Tulia alitembea vizuri, kisha akasimama. Shamira naye akasimama.

"Mwambie aendelee," alisema Nahashon.

"Amekataa, mudiri. Yeye akikataa, na mimi nakataa."

"Anakataa amri ya ofisi? Huyu anajiona nani?" Akaandika kwenye karatasi yake: Amefeli. Utovu wa nidhamu.

Shamira aliigeukia sauti yake. "Mudiri, nina mtihani keshokutwa. Bila yeye siingii."

Jebet alikuwa akilitazama zulia kwa muda. "Mudiri, hapo mbele ni kama limelegea kidogo..."

"Jebet, wewe ni wa geti. Zulia si idara yako."

"Sawa, mudiri."

"Hebu nimwonyeshe huyu vile watu hutembea."

Hatua ya kwanza ilikuwa nzuri sana. Ya pili pia. Ya tatu Jebet hakuiona, kwa kuwa Mratibu mwenyewe alikuwa haonekani.

"Hii isiandikwe!" sauti ilitoka ardhini.

Lakini langoni kila kitu huandikwa. Ndiyo kazi ya daftari la matukio. Walipomvuta juu, kifundo cha mguu kimevimba kama andazi, Nahashon alimnong'oneza: "Andika mbwa alinisukuma. Ukiandika vingine, wiki ijayo umerudishwa kwenu Eldoret."

"Mudiri, mbwa alikuwa nyuma yako hatua nne."

"Nimesema andika!"

Jebet alifikiria mshahara, akafikiria Jumanne ya Shamira. Kisha akaandika kama alivyofundishwa shuleni, sentensi fupi na nukta mwishoni: Saa nne na dakika kumi. Mbwa alisimama. Mratibu hakusimama.

Kamati ya chuo ilikaa kwa muda wa saa tano ikitafuta namna ya kutozielewa sentensi hizo, ikashindwa. Nahashon alipewa likizo ya matibabu, na matokeo ya Tulia yakageuzwa: Amefaulu. Na kwa kuwa kanuni zinakataza kiti cha Mratibu kukaa wazi, na zinataka kikaliwe na aliyefaulu mtihani wa mwenendo salama, Kamati ilichunguza orodha ya waliofaulu. Kulikuwa na jina moja. Kitambulisho kilichapishwa jioni hiyo hiyo: Tulia, Kaimu Mratibu.

Jumanne, saa tatu asubuhi, Nahashon alifika langoni kwa magongo mawili, akija kuchukua vitu vyake ofisini.

"Pole, mudiri," alisema Jebet. "Hayo magongo yana kibali?"

"Kibali gani tena?"

"Kanuni yako ya tisa. Chochote kinachomsaidia mtu kutembea sharti kipitishwe na Mratibu."

Nahashon alilitazama lango. "Basi niitie huyo Mratibu."

"Yuko kwenye mtihani na dada Shamira. Watatoka saa sita." Jebet akamsogezea kiti chake mwenyewe kivulini. "Kaa hapa, pumzisha mguu. Na akija, mudiri, tafadhali usimshikeshike kichwa. Huwa hataki, akiwa kazini."