Mafuta ya Ndege Kilimani Myamba

Jumatano, 4 Juni
Jenoveva kanipa mtihani. Jumamosi mama yake anarudi Myamba, nimpandishe mimi kwa bodaboda. Akifika kwa raha, nitume mshenga. Asiporidhika, basi tena! Hamdani wa kijiweni kwetu kasikia, kacheka. Ati pikipiki yangu ikiona kilima inaomba maji. Ni rafiki yangu, lakini mshenzi.

Alhamisi, 5 Juni
Neema imeshuka! Binamu yangu Daudi anajaza mafuta uwanja wa ndege. Kaniambia kwa simu kwamba ndege kubwa hazitumii petroli. Mafuta yake ni ndugu wa mafuta ya taa, ila yamesafishwa sana. Mafuta ya taa! Bibi anayo jikoni, dumu zima! Kama yanafikisha watu Ulaya, Myamba ni nini? Daudi akaanza kueleza habari za injini. Nikakata simu, nilikuwa nimeshaelewa.

Ijumaa, 6 Juni
Nimeyasafisha. Nimeyachuja kwa kanga ya bibi mara tatu. Bibi kauliza kanga yake inanuka nini. Nikamjibu ni maendeleo. Nusu tangi petroli, nusu ndege.

Jumamosi, 7 Juni
Aibu! Kilimani pikipiki ikakohoa, ikafuka moshi unaonuka mafuta ya taa, ikazima. Mama Jenoveva hakugomba. Akashuka, akajifunga kanga kiunoni, akaanza kusukuma. Mama mkwe anasukuma, mimi nimeshika usukani! Nikamsihi aache. Akasema hana neno, ila binti yake naye ajiandae kusukuma. Hamdani akatokea, akampandisha mama, kisha akarudi na kamba kunivuta. Hakunicheka hata kidogo. Nilitaka kumkumbatia, nikamwambia tu amechelewa.

Jumapili, 8 Juni
Mama karidhia! Ati mwanamume anayeona haya anafundishika. Sharti moja: nisitie tena mafuta ya taa. Nimeapa mbele ya Jenoveva, na nampenda, siwezi kuvunja.
Jioni Daudi kapiga. Kumbe nilikosea ndege! Zile ndogo ndizo zenye injini zinazofanana na ya pikipiki, nazo hutumia petroli maalumu iliyotiwa madini ya risasi kidogo. Risasi! Ndiyo maana zinafyatuka vile. Na kwenye kiapo hapakutajwa risasi. Jirani yetu mzee Zebedayo alikuwa askari wa wanyamapori. Nimemwendea, nikamwamkia shikamoo kwa adabu zote, nikamwomba moja tu, hata kama imeshatumika.