Chumvi Nyeupe ya Mdogo Wake Fundi

Jumatatu, 4 Machi

Ndiyo, chumvi ni yangu. Nani kasema siyo? Nimemjibu Nesi hivyo hivyo, mbele ya benchi zima la wajawazito, kifua mbele. Akauliza inatengenezwa wapi. Nikamwambia uani kwangu, kwa mikono hii, na huwa nanawa. Benchi likacheka. Nesi hakucheka. Yule mama kicheko alikisahau kwao.

Nilimsindikiza Dada kliniki. Dada ni fundi cherehani, ndiye aliyenilea, na sasa ana mimba ya miezi minne baada ya kungoja miaka kumi na mmoja. Shingo imemvimba. Mimi nilidhani ananenepa kwa furaha. Nesi akampa kikombe cha maji, akamwambia ameze, akaangalia kile kidude cha shingoni kikipanda na kushuka kama mtu aliyekwama kwenye lifti. Akasema hilo ni rovu. Tezi ya shingo inataka madini joto, haiyapati, basi inatanuka kuyatafuta. Na mtoto tumboni anajengea ubongo madini hayo hayo. Mama akiwa hana, mtoto akakope wapi?

Dada akaacha kutabasamu.

Nesi akachukua damu. Akauliza nyumbani mnatumia chumvi gani. Dada, kwa maringo kabisa: ya mdogo wangu huyu hapa, miaka sita sijanunua nyingine.

Basi wote wameambiwa Jumatano waje na kijiko cha chumvi kutoka jikoni. Nesi ana kichupa cha dawa. Chumvi yenye madini ikidondoshewa inageuka buluu. Nikasema chumvi ni chumvi, bahari zote zinachumvia sawa. Akanitazama kama anavyotazama choo cha kliniki.

Sasa, humu daftarini nisijidanganye, niko peke yangu. Chumvi yangu inatoka kiwanda cha ngozi. Ile ya kupaka ngozi zisioze. Nachukua magunia yanayobaki. Mpya, haijagusa ngozi! Nyingi yake. Naponda, nachekecha, napakia, nafunga mfuko kwa moto wa mshumaa. Nabandika karatasi: CHUMVI SAFI YENYE KILA KITU.

Kila kitu kasoro hicho kimoja.

Jumanne, 5 Machi

Mpango umekuja nikipiga mswaki. Rahisi! Nanunua pakiti ya chumvi ya dukani, naenda kwa Dada, namwaga yangu, natia ile. Kesho inageuka buluu, heshima inarudi, Dada anakula madini bila kujua. Nani kaumia?

Tatizo ni duka lenyewe. La yule Risiti. Tunamwita hivyo maana hata ukinunua kiberiti anakuandikia risiti. Ni adui yangu tangu alipowaambia wateja kwamba chumvi yangu inanuka viatu. Nikaingia nimevuta kofia hadi puani. Akanijua kwa magoti. Akapaza sauti duka zima lisikie: "Karibu, tajiri! Leo mwenye kiwanda ananunua chumvi?" Nikamwambia nafanya utafiti. Akaniandikia risiti. Kwenye mstari wa jina akaandika: Mtafiti.

Nikatoka na pakiti kwapani. Kona ya pili nikakutana na mama mmoja anahaha, chakula kiko motoni, chumvi imemwishia, akaniona na pakiti. Akauliza unauza?

Mimi niseme nini? Mkono umezoea. Kabla akili haijafika, mkono ulishauza, tena na faida.

Nimefika kwa Dada mikono mitupu. Nikamkuta keshafunga kijiko chake cha chumvi kwenye kipande cha kitambaa cheupe, kimeshonwa ukingo. Kimeshonwa! Kwa ajili ya chumvi yangu. Akaniambia kesho watatukoma.

Jumatano, 6 Machi

Nimekoma mimi.

Wanawake kumi na wawili, vijiko kumi na viwili, karatasi nyeupe mezani. Nesi anadondosha, tone, tone. Cha kwanza, buluu kama sare ya shule. Kutoka kwa Risiti. Cha pili, nyeupe. Cha tatu, nyeupe. Nesi anauliza hii mmenunua wapi, nao wanajibu mmoja mmoja: ya mdogo wake fundi. Ya mdogo wake fundi. Kama wanaitikia sala. Tisa nyeupe! Sijawahi kujua nina wateja wengi namna hii. Nikiri, kidogo nilijisikia vizuri.

Cha Dada kilikuwa cha mwisho. Kikabaki cheupe pee. Dada akasema labda kichupa kimeharibika. Nesi akadondosha tena kwenye kile cha kwanza. Buluu. Dada akasema basi labda mkono wako, Nesi, umechoka. Alinitetea hadi benchi zima likaona aibu kwa niaba yake.

Majibu ya damu yametoka. Daktari kasema tezi imechoka, haijashindwa. Kaandika vidonge vya madini joto, mikrogramu mia na hamsini, kimoja kwa siku. Nesi akafafanua taratibu, macho kwangu muda wote. Chagua chupa iliyoandikwa kiasi waziwazi. Angalia kwanza kama vile vidonge vingine vya mimba havina madini haya tayari, usije ukameza mara mbili. Usizidishe ukidhani unaharakisha, maana yakizidi nayo yanaiangusha tezi, ya mama na ya mtoto. Usinunue unga wa mwani wa barabarani, hakuna ajuaye una kiasi gani. Na ile ayodini ya kidonda, ya chupa ya kahawia, ni madini joto hayo hayo lakini ni ya kupaka nje. Hainywewi, hailiwi.

Mimi nilikuwa nasikiliza. Mpaka pale alipotaja chupa ya kahawia. Hapo ndipo nilipoanza kufikiri, na nikifikiri huwa sisikii.

Alhamisi, 7 Machi

Dada ana nguo za harusi za kumaliza. Kanipa cheti na hela, niende duka la dawa. Kaniambia: "Nakuamini, mdogo wangu." Hajajifunza huyu.

Mfamasia ni kijana mpole wa miwani. Akatoa kichupa, akanionyesha kiasi kilipoandikwa, akauliza dada anatumia vidonge gani vingine, akalinganisha. Safi kabisa. Kilikuwa kaunta, kimefungwa, kinaningoja.

Nyuma yake, rafu ya pili, zimejipanga zile za kahawia.

Hesabu yangu ilikuwa hii. Vidonge vinatibu shingo moja. Chupa sita za kahawia, zikimwagwa kwenye gunia, zinatibu shingo kumi, na chumvi yangu inageuka buluu mbele ya Nesi, na Risiti anakufa kwa kijicho. Nani angechagua moja akaacha kumi? Mwenye roho mbaya tu.

Nikaomba sita. Mfamasia akauliza za nini zote hizo. Nikasema nina kidonda. Akauliza kiko wapi. Nikasema moyoni. Hakucheka. Wiki hii watu wa afya wote wamegoma kucheka. Akaniambia hii ni ya ngozi, si ya tumbo. Nikamwapia, nikamwambia chumvi yenyewe asili yake ni ya ngozi. Hakuelewa. Akaniuzia.

Hela ya vidonge ikaishia hapo. Dada nimemwambia vimekwisha dukani, mpaka wiki ijayo. Akasema haya, tutangoja. Akashika shingo.

Ijumaa, 8 Machi

Turubai uani. Gunia zima. Nimemwaga chupa zote sita, nimekoroga kwa mwiko wa sementi. Chumvi imekuwa rangi ya chai ya rangi. Inanuka kama wodi ya majeruhi. Vidole vyangu vya kahawia hadi kwenye kifundo, nimesugua kwa sabuni, mchanga na ndimu, wapi.

Nesi alisema chumvi yenye madini isikae juani. Lakini yangu ilikuwa mbichi! Nikaianika. Mchana ilishafifia kuwa rangi ya mchanga. Karatasi mpya: CHUMVI YA DHAHABU, IMEONGEZWA NGUVU.

Nikapita kwa wale tisa, nikawabadilishia bure. Bure! Mimi! Mmoja aliuliza mbona inanuka. Nikamwambia hayo ndiyo madini yanavyonuka, ulikuwa huyajui.

Ya Dada nikampelekea mwenyewe, nikajaza kopo lake hadi juu. Akanusa, akakunja uso. Halafu akaona ninavyomtazama. Akasema inaonekana nzuri.

Jumamosi, 9 Machi

Sitaki kuandika. Naandika.

Dada alinialika chakula cha mchana, kunishukuru. Tulikuwa watatu, yeye, mimi na Shemeji. Shemeji ni fundi baiskeli, maneno yake kwa siku yanatosha kwenye ganda la njugu. Dada kachemsha viazi, kaviponda, kavitia chumvi kwa mkono wazi kama kawaida yake. Vikaja mezani vinafuka moshi. Vizuri, vya njano. Dada alikuwa keshaonja jikoni, akala na vijiko viwili mezani, akasema vina ladha ya hospitali, labda ni mimba. Mimi nikasema ni mimba.

Tukapiga stori. Viazi vikapoa.

Shemeji ndiye aliyeona. Akaelekeza kwa uma. Ukingoni mwa sahani viazi vilianza kuwa zambarau. Halafu buluu. Halafu weusi wa buluu, kama tairi bovu. Sahani zote tatu, na sufuria nalo. Tuliangalia kama watu wanaoangalia nyumba ya jirani inaungua.

Kichwani nilisikia sauti moja tu: imegeuka buluu! Inafanya kazi! Naapa nilikaribia kupiga makofi.

Dada akatazama viazi. Akatazama vidole vyangu. Akaweka kijiko chini polepole, akashika tumbo.

Shemeji akampakia kwenye keria ya baiskeli hadi kliniki, mimi nakimbia nyuma. Nesi akasikiliza hadithi yote, akaniomba nisimame mlangoni, upande wa nje wa mlango. Amesema amekula kidogo, si hatari kubwa, lakini atakaa pale hadi jioni wamwangalie, na baada ya wiki mbili damu ipimwe tena, maana sasa hawajui tezi imepigwa na kiasi gani. Akauliza vidonge ameanza lini. Dada akasema vimekwisha dukani. Nesi akapiga simu duka la dawa. Nilisikia jibu kutoka nje. Rafu imejaa. Kichupa cha dada bado kiko kaunta, kimebandikwa cheti chake juu.

Dada hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliniita ndani, akavua futi ya kupimia inayoning'inia shingoni mwake siku zote, akajizungushia, akanipa ncha. Akaniambia soma. Nikasoma. Akasema mwezi uliopita ilikuwa pungufu kwa upana wa kidole, na kabla ya hapo pungufu tena, anaandika kwa chaki ubavuni mwa cherehani.

Akasema nilijua chumvi yako ina kasoro, watu waliniambia. Nikaila miaka sita kwa sababu ni yako.

Nikaikunja futi, nikamrudishia.

Jumapili, 10 Machi

Nimeamka nimekuta kopo limetundikwa kwenye kitasa changu. Limeoshwa, limekaushwa, tupu.

Nimepokea pia mifuko tisa. Mmoja kasema uji wa mtoto umekuwa wino. Nikamwambia mtoto atasoma mapema. Akanirushia mfuko.

Kwa Risiti chumvi imekwisha rafu nzima. Kanitumia salamu kwamba anataka kuniajiri niwe mtu wake wa matangazo.

Nikaenda kwa Dada. Mlango umefungwa, cherehani inalia ndani. Shemeji akatokea dirishani, akatumia maneno yake yote ya siku. Kasema vidonge alivinunua jana ileile. Dada anameza kimoja asubuhi. Kichupa kinakaa kwenye droo ya cherehani, na droo ina kufuli, na kufuli ni kwa ajili yangu. Kasema nisifike mlangoni mpaka mtoto azaliwe, halafu wataona. Nikamwambia, shemeji, mimi ndiye mjomba! Akasema ndiyo maana. Akafunga dirisha.

Nilisimama pale hadi cherehani iliponyamaza. Kisha nikaondoka, asije akatoka akanikuta.

Jumatatu, 11 Machi

Nimewaza, sasa nimeelewa nilipokosea. Ni viazi! Chumvi haikuwa na shida. Kama angepika nyama tusingefika huku.

Lakini sina haraka. Nataka kwanza Dada apate chumvi ya kweli. Ya dukani, mfuko uliofungwa, yenye maandishi ya madini joto, aitie kwenye kopo lenye kifuniko, mbali na mvuke, kama Nesi anavyotaka. Risiti amekataa kuniuzia. Na Dada akiona mkono wangu wa kahawia tu, anafunga mlango.

Kwa hiyo wewe. Ndiyo, wewe uliyeshika daftari hili, usijifanye hukusoma. Una sura ya mtu mwaminifu na vidole visafi. Nenda kwa Risiti, nunua pakiti moja, pokea risiti yako. Mpelekee Dada. Nyumba ya cherehani yenye alama za chaki ubavuni. Sema umetumwa na jirani. Jina langu usilitaje hata akikuuliza mara tatu. Mtazame shingo, kwa adabu, urudi uniambie imepungua au vipi.

Ila njiani, ukifika ile kona ya pili, ukakutana na mtu anahaha chakula kiko motoni, naye akauliza unauza?

Mwuzie. Dada atapata kesho. Faida nusu kwa nusu. Umekubali?