Ngozi ya Mazabodi

Piii. Kimya. Piii. Kimya. Piii.

Sauti ilitoka nyuma ya pazia la khanga, ikavuka barabara ya vumbi, ikamkuta Kornel kwenye benchi la muuza chai, tai shingoni, mfukoni hana hela ya kikombe cha pili. Wengine walidhani ni saa ya mtu inalia. Kornel alisikia chakula cha mchana.

Kornel alikuwa mzaliwa wa Msanzi, aliyewahi kufagia duka la kompyuta Kariakoo kwa miezi minane. Alifagia macho wazi. Ilikuwa miaka ile nchi imefungua milango na kila kitu kinaingia: mitumba, redio za Dubai, kompyuta zilizochoshwa Ulaya. Mafundi hawakutosha. Basi Kornel akarudi kwao Ufipa, mjini Sumbawanga, na bisibisi mbili, begi, na cheo cha Injinia alichojitunuku mwenyewe ndani ya basi, walipokwisha kuipita Tunduma. Kadi yake ilisema:

Mashine yako ikifa, nitafute nifufue,
Wenzangu wana masifa, kazi zangu zitambue.

Alifunua pazia. Ndani, Hamida, mwenye duka la kuchapa barua na kadi za harusi, alikuwa ameshika kichwa. Kando yake aliketi mchapaji wake, Kabula, binti wa mzee Mboje mfugaji wa bondeni, mwanamke wa miaka thelathini asiyepoteza maneno.

"Dada, poleni na msiba," alisema Kornel.

"Msiba gani?"

"Huo unaolia. Mazabodi hiyo, ubao mkuu wa kompyuta, imekufa."

Hamida alifumba macho. Duka lilikuwa mali ya kaka yake, Huseni, mwenye malori, naye alikwishakata shauri: Ijumaa baada ya swala, kama mashine haijawaka, chumba kinakuwa stoo ya saruji. Leo ilikuwa Jumatano.

Mazabodi haikufa. Kilio kile Kornel alikijua vizuri. Kariakoo mafundi walikuwa wakichomoa memori, wanasugua meno yake kwa raba ya shule, wanairudisha, kilio kinakoma. Ulikuwa ugonjwa wa vumbi tu, na vumbi Sumbawanga halina msimu wa kupumzika.

"Nunua nyingine," alishauri kwa huzuni. "Lakini usikurupuke! Mazabodi mpya za sasa hazitakubali prosesa yako ya zamani, wala memori yako. Na matundu ya skrubu yasipolingana na sanduku, umenunua sinia. Ya kizamani, mpya kabisa, ya bei nafuu, hapa mkoani anayo mtu mmoja."

"Nani?"

Kornel aliinamisha kichwa kwa unyenyekevu.

"Elfu tisini. Ila niichukue hii marehemu, kila kitu kikiwa juu yake, nikalinganishe."

Hapo, wasomaji wapenzi, lazima tukiri kwamba kila neno alilosema kuhusu kuchagua mazabodi lilikuwa kweli. Mwongo hodari hatumii uongo mwingi. Hutumia mmoja, akauweka mahali pake.

"Subiri," alisema Kabula. Alichukua msumari, akaigeuza mazabodi, akakwaruza vimistari vitatu pembeni.

"Unafanya nini, dada?"

"Alama ya baba. Kwetu mfugo hautoki zizini bila alama."

Kornel alicheka hadi mlangoni. Hakutazama.

Usiku ule gesti aliipiga mswaki kwa spiriti mpaka ikang'aa, akasugua meno ya memori kwa raba, akaitia kwenye boksi lenye stika ya fedha. Alhamisi asubuhi aliifunga mbele ya wenyewe. Mashine ikawaka, haikulia hata mara moja.

"Alhamdulillahi!" Hamida alifungua droo.

"Dada Hamida, ngozi bado," alisema Kabula.

"Ngozi ipi?" aliuliza Kornel.

"Mchungaji akipewa ng'ombe wa mtu, ng'ombe akafia malishoni, anamletea mwenye mali ngozi. Asipoleta, hakufa huyo, kauzwa. Umesema yetu imekufa. Tuletee ngozi."

"Ile takataka? Nimetupa."

"Wapi, twende tukaiokote?"

Kornel alilegeza tai. "Nilitaka kusema, nimeiacha gesti."

"Basi kailete," alisema Hamida, akifunga droo. "Hela yako haiendi popote, Injinia."

Alipotoka tu, Kabula alifungua sanduku la mashine, akamulika kwa tochi pembeni. Vimistari vitatu.

"Mwizi!" Hamida alishika simu. "Nampigia Huseni, aje na makuli wake wote!"

"Watamvunja mbavu, halafu sisi tupate nini? Mwache alete ngozi. Ataitoa wapi mjini hapa?"

Hamida alitafakari, akaanza kutabasamu. Vipuri vya kompyuta viliuzwa duka moja tu, la Abdulnasir, mtoto wa baba yake mdogo. Akampigia yeye.

Kornel alifika kwa Abdulnasir akihema.

"Mambo, mshikaji. Nataka mazabodi ya kizamani. Mbovu. Mbovu kabisa."

"Poa. Mbovu sina. Ninayo nzima."

"Sihitaji nzima!"

"Basi usiiwashe."

"Bei?"

"Sabini."

"Kaka, sabini kwa mzoga?"

"Nimekwambia ni nzima. Nenda Mbeya, labda huko wanauza mizoga."

Kornel alipiga hesabu: tisini inamngoja, sabini inatoka, ishirini inabaki. Alitoa akiba yote ya soksini, ile asiyoigusa hata kwa chai, na saa ya mkononi kufidia pungufu. Kisha akaipaka mazabodi vumbi la Sumbawanga pande zote mbili, kwa uchungu wa mama anayemchafua mwanawe mwenyewe.

"Hii hapa marehemu yenu," alisema, akiiweka mezani.

"Una hakika ndiyo ile yangu?" aliuliza Hamida.

"Dada! Naapa mbele ya Mungu na mbele ya Kabula. Ni mali yako halali."

"Ahsante." Hamida aliiweka kabatini, akazungusha ufunguo.

Kabula akamulika ndani ya mashine. "Na hii yenye alama ya baba yangu, Injinia, ni ya nani?"

Kornel aliinama. Akaona vimistari. Akakaa chini bila kukaribishwa.

"Basi nirudishieni hiyo ya kabatini," alisema kwa sauti ndogo.

"Ipi? Si umeapa ni yangu?"

"Akiba yangu yote, dada! Na saa!"

"Kaka yangu anakuja kuangalia chumba chake," alisema Hamida. "Mweleze yeye."

Nje lori lilifunga breki. Huseni alipoingia alipishana na tai ya Kornel inayopepea. Siku moja kabla ya muda wake, akakuta mashine inachapa kadi za harusi ya kule Matai. Alisimama, akasoma kadi moja, akakosa kosa.

"Haya," alinung'unika. "Saruji nitatafutia mahali pengine."

Alipoondoka, Hamida alimgeukia Kabula.

"Ile ya kabatini tutaitafutia prosesa, memori, sanduku na kioo. Itakuwa mashine yako, faida yake yako, na jina lako nitalipaka mwenyewe kwenye kibao pale mlangoni, chini ya langu. Wallahi, Kabula."

Kabula alitikisa kichwa. "Kando ya lako."

"Kando ya langu. Wallahi."