Uzinduzi wa Jumba la Maigizo la Kilburn

Baba Askofu uliyetuombea, waheshimiwa wanakamati mliotangulia kuketi, akina mama wauguzi mliotoka zamu na hamjalala, Bwana Pradip mwenye duka, Shosho wake Shiku uliyetoka Murang'a kuja huku ughaibuni kuwasikia wajukuu wakiigiza kwa Kiswahili na kesho unapanda ndege kurudi, na nyote ambao sikuwataja ila mko moyoni mwangu, itifaki imezingatiwa. Bwana asifiwe! (Amina!)

Mimi Fanuel, mwenyekiti wa Kamati ya Jumba, ninasimama mbele yenu kwa unyenyekevu mkubwa, ambao nimeufanyia mazoezi. Kama mjuavyo, kamati ilikwenda Ujerumani kufanya benchmarking, safari ngumu ya hoteli na kifungua kinywa, ili tujifunze historia ya jumba la maigizo la umma la mji mmoja ambao jina lake lilitushinda kutamka. Tuliambiwa wenyeji walilijenga wenyewe, wafuma nguo na watengeneza bia, Mungu awasamehe. Likaungua, wakalijenga tena. Vita vikaliangusha, na kabla moshi haujaisha watu wale wakaigizia ndani ya shule isiyo na paa, watazamaji wakija na makaa ya kuota. (Makofi.) Ndugu zangu, nililia. Halafu nikapiga hesabu ya kitaalamu: wao iliwachukua karne mbili kufikia hatua ya kutokuwa na jumba. Sisi tumefika mara moja! (Vigelegele kutoka meza ya kamati.)

Kwa hiyo ninatangaza rasmi kwamba asilimia themanini na saba ya jumba imekamilika katika ngazi ya maono, paa limefanyiwa upembuzi yakinifu, na jukwaa linasubiri tu wadau wakubaliane litazame upande gani. (Mama Shiku: "Watoto wameshavaa, mwenyekiti! Waigizie wapi?") Swali zuri, Mama Shiku, limepokelewa, litaundiwa kamati ndogo. Najua ukiwasemesha Kiswahili nyumbani wanakujibu Kiingereza, na kwamba mchezo huu wameukariri neno kwa neno kwa ajili ya bibi yao. Tunawapongeza. Waendelee kukariri mpaka phase two, awamu ya pili ya ujenzi. (Shosho: "Phase two mimi niko Murang'a!" Shiku anapanda juu ya kreti la soda na kuanza mchezo: "Hodi wenyeji! Njaa imetuleta!" Shosho anacheka hadi kilemba kinamtoka.)

Nani amewaruhusu? Bila jukwaa? Wajerumani wale walikuwa na sababu, walikuwa na vita! (Shosho: "Mwenyekiti, keti. Unaniziba.")

Namalizia, mama. Nikisema "Jumba letu", mseme "Juu!" Jumba letu! (Watu wanageuza viti kumwelekea Shiku.) Maigizo yetu! (Wote wanawatazama watoto.)

Basi. Ninamshukuru Mungu kwa yote, Baba Askofu kwa mwavuli alionikinga nao, na Bwana Pradip kwa kutuazima ua huu wa nyuma ya duka, ambamo tutalipisha gari la vitunguu likifika. Na utepe, vijana, msiukate. Fungueni fundo polepole, maana ndio tuliozindulia zahanati, tukazindulia na maktaba, na bado ni mpya kabisa.

(Makofi makubwa. Ni ya Shiku.)