Chupa Angavu ya Folasayo

Jumatatu, 4 Machi
Profesa Oyinlola ametangaza: atakayewaua wale bakteria sugu ndiye atakayezungumza mbele ya wageni wa wizara Ijumaa. Bakteria wenyewe wametoka kwenye kidonda cha mwashi mmoja aliyelazwa wiki ya saba sasa. Kila dawa wameizoea. Folasayo, mwenzangu wa maabara, amechemsha chumvi ya madini ya fedha na maganda ya njugu za kola, akapata chembe ndogo zisizoonekana kwa macho. Kwenye kisahani chake cha kuoteshea bakteria wamekufa duara zima, upana wa kifuniko cha soda. Kwenye changu wamestawi. Wamenenepa, hata.

Jumanne, 5 Machi
Folasayo alipokwenda kula amala, nikafungua kabati lake. Chupa mbili. Moja ya kahawia kama chai iliyolala, nyingine angavu kama maji ya mvua. Dawa iliyokamilika haiwezi kuwa na rangi ya matope. Nikachukua angavu. Tone moja kwenye kisahani changu. Iliyobaki nikajipaka usoni, maana nina chunusi tatu na Ijumaa kutakuwa na wapiga picha. Akili hiyo!

Jumatano, 6 Machi
Chunusi zipo. Uso ndio haupo. Nilitembea juani, nikafika kazini na mabaka meusi toka kwenye paji hadi kidevuni. Sabuni, ndimu, mchanga: bure. Mke wangu Morenike ameuliza kama siku hizi napuliza mkaa. Folasayo hakuniuliza kitu. Alimweleza Profesa, kwa sauti ya kunisikilizisha, kwamba chumvi yake ya fedha, ile angavu ambayo hajaigeuza kuwa chembe, imepotea. Na kwamba ikigusa ngozi kisha ikapigwa na jua, ngozi huwa nyeusi.

Profesa alinitazama sana. "Adegbite," akasema, "jua la leo kali, eh?"

Alhamisi, 7 Machi
Duara langu kubwa kuliko la Folasayo! Nikamkimbilia Profesa. Akasema chumvi ile haichagui, inaunguza bakteria na mgonjwa pamoja. Je, nataka kumpaka na mwashi? Nikajibu, labda kidogo. Kumbe halikuwa swali.

Ijumaa, 8 Machi
Folasayo ndiye aliyezungumza. Mimi nilisimamishwa kando ya ubao. Akaninyooshea fimbo: "Na huyu kaka yetu ndiye sababu ya sisi kuhangaika na chembe badala ya chumvi tupu."

Wageni walicheka, kisha wakapanga foleni kunipiga picha. Mimi, si yeye! Ni wazi nani kawavutia.

Profesa amesema wiki ijayo tunajaribu shaba. Chupa nimeshaiona, rafu ya juu, buluu ya kupendeza. Nami upara umeanza kunisumbua.